Kuacha Sigara kwa Kudumu baada ya Miaka Mingi: Mambo Anayopaswa Kuyafahamu Mvutaji na Familia Yake

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mtu aliyevuta sigara kwa miaka ishirini au thelathini huwa na sababu mbili kubwa zinazomfanya aendelee kuvuta. Ya kwanza ni kwamba amewahi kujaribu kuacha, pengine zaidi ya mara moja, na akarudi. Ya pili ni imani kwamba madhara yamekwisha kuingia mwilini, hivyo kuacha sasa hakutabadili chochote. Sababu ya kwanza humfanya ajione dhaifu. Ya pili humfanya ajione amechelewa. Ushahidi wa kitabibu uliokusanywa kwa zaidi ya miaka sabini unapinga yote mawili. Kushindwa katika jaribio la kwanza ni jambo la kawaida, lina maelezo yake na lina tiba. Na mvutaji anayeacha hupata faida, awe na umri wa miaka 30 au 60.

Makala haya yanaeleza kwa nini kuacha sigara ni kugumu, mwili hufaidika vipi baada ya kuacha, maandalizi yanayotakiwa, dawa zinazosaidia, na namna ya kujilinda usirudi tena. Maelezo haya hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari, hususani kwa mwenye ugonjwa wa muda mrefu na kwa mama mjamzito.

Ukubwa wa tatizo

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), matumizi ya tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, wakiwamo zaidi ya milioni moja ambao wenyewe hawavuti, bali huishi au kufanya kazi katika moshi wa wengine. Shirika hilo linaeleza pia kwamba tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wake wasioacha. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinafahamika kusababisha saratani.

Nchini Tanzania, Utafiti wa Matumizi ya Tumbaku kwa Watu Wazima wa mwaka 2018 ulionesha kwamba asilimia 8.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, sawa na watu wapatao milioni 2.6, walikuwa wakitumia tumbaku ya aina moja au nyingine. Kwa wanaume kiwango kilikuwa asilimia 14.6, na kwa wanawake asilimia 3.2.

Madhara ya sigara hayaishii kwenye mapafu. Sigara huharibu mishipa ya damu na hivyo huongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu na kufa kwa ugonjwa huo, huongeza hatari ya kisukari cha ukubwani, hudhoofisha nguvu za kiume, na kwa mama mjamzito huweza kusababisha mtoto azaliwe na uzito pungufu au kabla ya wakati.

Kwa nini ni vigumu kuacha

Kinachomfunga mvutaji ni nikotini. Moshi unapoingia mapafuni, nikotini huingia katika damu na kufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko huamsha kemikali iitwayo dopamini, ambayo huleta hisia ya utulivu na kuridhika. Baada ya miaka ya kuvuta, ubongo hujirekebisha ili ufanye kazi ukiwa na nikotini, na inapokosekana hulalamika.

Nikotini haidumu mwilini. Kiwango chake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, kisha mwili huanza kuidai. Ndiyo maana sigara ya kwanza ya asubuhi huonekana tamu kuliko zote: mwili umekaa usiku kucha bila nikotini. Mvutaji huamini kwamba sigara imemtuliza mawazo, kumbe imemwondolea tu usumbufu ulioletwa na kuisha kwa sigara iliyotangulia. Tafiti zimeonesha kwamba watu walioacha huwa na wasiwasi na msongo mdogo zaidi baada ya wiki kadhaa kuliko walioendelea kuvuta.

Kifungo cha pili ni mazoea. Mtu anayevuta sigara 20 kwa siku, na kila sigara akaivuta mara kumi, hupeleka mkono kinywani mara 200 kwa siku, yaani mara 73,000 kwa mwaka. Kitendo kilichorudiwa kiasi hicho hujifunga kwenye shughuli nyingine zote: kikombe cha kahawa kijiweni, mlo wa mchana, lindo la usiku, mapumziko ya dereva safarini, hata kwenda msalani asubuhi. Kwa sababu hiyo mvutaji huweza kukaa wiki nzima bila sigara akiwa amelazwa hospitalini, kisha akaitamani kwa nguvu mara anaporudi kwenye kiti chake cha kawaida nyumbani.

WHO inakadiria kwamba katika majaribio ya kuacha yanayofanywa bila msaada wowote, ni asilimia 4 tu yanayofanikiwa. Ushauri wa kitaalamu pamoja na dawa huongeza uwezekano huo zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo, mtu aliyejaribu peke yake akarudi hana sababu ya kujilaumu. Alikuwa akipambana na uraibu bila nyenzo.

Je, muda umekwisha kupita?

Jibu lenye uzito zaidi kuhusu swali hili lilitoka Uingereza. Mwaka 1950 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti ulioonesha uhusiano kati ya uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Aliacha kutokana na alichokiona katika utafiti huo, akaishi hadi umri wa miaka 92. Mwaka 1951 wawili hao walianza kufuatilia maisha ya madaktari wanaume wa Uingereza zaidi ya 34,000, na ufuatiliaji huo ukaendelea kwa miaka 50.

Matokeo ya nusu karne hiyo yalichapishwa mwaka 2004. Yalionesha kwamba waliovuta maisha yao yote walikufa, kwa wastani, miaka 10 mapema kuliko wenzao ambao hawakuvuta kamwe. Yalionesha pia faida ya kuacha katika kila umri: walioacha wakiwa na umri wa miaka 60 walirejesha takriban miaka 3 ya maisha, walioacha wakiwa na miaka 50 walirejesha miaka 6, walioacha wakiwa na miaka 40 walirejesha miaka 9, na walioacha wakiwa na miaka 30 walirejesha karibu miaka yote 10.

Takwimu hizo zinabeba ujumbe wa aina mbili. Kwa mwenye umri wa miaka 60, miaka mitatu ya ziada ni muda wa kumwona mjukuu akianza shule. Kwa mwenye miaka 40, kila mwaka anaoahirisha kuacha unampunguzia sehemu ya alichoweza kukiokoa. Hivyo hakuna aliyechelewa kabisa, na hakuna mwenye muda wa kupoteza.

Mwili hujirekebisha kwa utaratibu gani

Kwa mujibu wa WHO, mabadiliko baada ya sigara ya mwisho huenda kama ifuatavyo:

- Ndani ya dakika 20, mapigo ya moyo na shinikizo la damu huanza kushuka.
- Ndani ya saa 12, gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi katika damu hurudi katika kiwango cha kawaida.
- Kati ya wiki 2 na 12, mzunguko wa damu na utendaji wa mapafu huimarika.
- Kati ya mwezi 1 na 9, kikohozi na kuishiwa pumzi hupungua.
- Baada ya mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa moyo huwa imepungua hadi takriban nusu ya ile ya mvutaji.
- Baada ya miaka 5 hadi 15, hatari ya kiharusi hushuka hadi kuwa sawa na ya asiyevuta.
- Baada ya miaka 10, hatari ya saratani ya mapafu huwa takriban nusu ya ile ya mvutaji.
- Baada ya miaka 15, hatari ya ugonjwa wa moyo huwa sawa na ya mtu asiyevuta.

Orodha hii inaonesha pia kwamba baadhi ya madhara huchukua muda mrefu kuondoka. Aliyeacha aendelee kupima afya yake, na amweleze daktari kwamba aliwahi kuvuta, hata kama aliacha zamani.

Kupunguza si kuacha

Wavutaji wengi wa muda mrefu huamua kupunguza badala ya kuacha. Hatua hiyo inaweza kuwa njia ya kuelekea siku ya kuacha, lakini ikiwa ndiyo mwisho wa safari, faida yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba kuvuta sigara moja tu kwa siku hubeba takriban nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayokuwa nayo mvutaji wa sigara 20. Aidha, anayepunguza idadi mara nyingi huvuta kwa nguvu zaidi na kuimaliza sigara hadi kwenye kipisi ili kufidia nikotini aliyoikosa.

Kuhamia bidhaa nyingine nako si kuacha. Sigara zinazodaiwa kuwa nyepesi, shisha, ugoro na tumbaku ya kutafuna zote zina nikotini na zina madhara yake. Sigara nyingi za kielektroniki pia zina nikotini, humwacha mtumiaji katika uraibu uleule, na hazimo katika orodha ya dawa za kuacha tumbaku zinazopendekezwa na WHO.

Maandalizi kabla ya siku ya kuacha

Jambo la kwanza ni kupanga tarehe. Inashauriwa iwe ndani ya wiki mbili, ili kuwe na muda wa kujiandaa lakini azma isipoe. Iandikwe mahali panapoonekana, na familia ijulishwe.

Pili, kwa siku tatu au nne kabla ya tarehe hiyo, mvutaji aandike kila sigara anayovuta: saa, mahali, alikuwa na nani na alikuwa anafanya nini. Karatasi hiyo itamwonesha vishawishi vyake halisi. Wengine watagundua kwamba nusu ya sigara zao huvutwa kijiweni. Wengine kwamba huvuta zaidi wanapogombana na mtu au wanapokunywa pombe. Kila kishawishi kiwekewe mpango wake mapema.

Tatu, aliyewahi kuacha akarudi aandike kilichomrudisha. Kama alirudi siku ya nne kwa sababu ya kukosa usingizi na hasira, atahitaji dawa na ushauri. Kama alirudi mwezi wa tano kwenye sherehe ya harusi, atahitaji kujiandaa kwa sherehe. Majaribio yaliyopita ni maarifa yanayomwonesha penye ufa.

Nne, usiku wa kuamkia siku ya kuacha, ziondolewe sigara zote, vibiriti na visahani vya majivu nyumbani, kazini na katika gari. Nguo zenye harufu ya moshi zifuliwe. Kubakiza sigara moja "ya dharura" ni kuandaa siku ya kurudi.

Kwa Waislamu wanaofunga, mwezi wa Ramadhani ni fursa nzuri. Mvutaji anayefunga hukaa takriban saa 13 kila siku bila sigara, na anaporudia tendo hilo kwa siku nyingi hujithibitishia kwamba hamu huja na kupita. Changamoto huwa baada ya futari, mwili unapodai fidia ya mchana. Anayepanga kuacha wakati huo aandae mapema shughuli ya jioni itakayochukua nafasi ya sigara, na asisubiri Idi ndipo aamue. Wakristo wanaofunga Kwaresima nao wanaweza kutumia siku 40 hizo kwa namna hiyohiyo.

Jambo jingine ni hesabu ya fedha. Anayetumia shilingi 3,000 kwa siku kununua sigara hutumia shilingi 1,095,000 kwa mwaka, na kwa miaka kumi hutumia shilingi 10,950,000. Anayenunua sigara moja moja kwenye meza ya mchuuzi haioni hesabu hii, kwa kuwa kila mara hutoa fedha ndogo. Bandu bandu huisha gogo. Inashauriwa fedha hiyo iwekwe kila siku mahali pamoja kuanzia siku ya kwanza, na iwe na kazi inayojulikana: ada, mabati au bima ya afya ya familia.

Dawa na ushauri wa kitaalamu

Mwezi Julai 2024, WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba kwa watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku. Mwongozo huo unapendekeza ushauri wa kitaalamu uende pamoja na dawa. Hata ushauri mfupi wa mhudumu wa afya, wa sekunde 30 hadi dakika 3, una manufaa, hivyo mvutaji asisite kuuliza anapokwenda kituoni kwa tatizo jingine. Dawa zinazopendekezwa ni hizi:

Nikotini mbadala. Hupatikana kama plasta ya kubandika kwenye ngozi, bigijii ya kutafuna, na maumbo mengine. Humpa mtumiaji nikotini kidogo na polepole, bila moshi wala kaboni monoksidi, ili hamu ipungue wakati anavunja mazoea. Plasta hubandikwa kila siku mahali pasafi pasipo na nywele, na mahali hapo hubadilishwa kila siku. Bigijii hii haitafunwi mfululizo: hutafunwa polepole hadi ladha kali ihisiwe, kisha huwekwa kati ya shavu na fizi, na baada ya muda hutafunwa tena. Kahawa na soda ziepukwe kwa dakika 15 kabla ya kuitumia kwa sababu huzuia nikotini kufyonzwa vizuri mdomoni. Kutumia plasta pamoja na bigijii hufanya kazi vizuri zaidi kuliko kutumia kimoja. Matumizi kwa kawaida huendelea kwa wiki 8 hadi 12, na kosa linalofanyika mara nyingi ni kuacha dawa mapema kwa kudhani kazi imekwisha.

Vareniklini. Ni kidonge kinachopunguza hamu na pia kuifanya sigara isilete raha iliyozoeleka. Kwa kawaida huanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha na huendelea kwa wiki 12.

Bupropioni. Nayo huanzwa kabla ya siku ya kuacha. Haifai kwa mwenye kifafa au aliyewahi kupata degedege.

Sitisini. Ni dawa inayotokana na mmea, na hufanya kazi kwa namna inayokaribiana na vareniklini.

Nikotini mbadala iliingizwa katika orodha ya WHO ya dawa muhimu mwaka 2009. Vareniklini na bupropioni ziliongezwa mwaka 2021. Dawa hizi hazipatikani katika kila duka la dawa. Anayezihitaji aanze kwa kuuliza katika kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya, ambako anaweza kupewa rufaa kwenda hospitali yenye huduma za afya ya akili na uraibu. Asinunue dawa zisizosajiliwa kwa wachuuzi wanaoahidi kumwachisha mtu sigara kwa siku moja.

Kwa asiyepata dawa, ushauri wa mara kwa mara na maandalizi yaliyoelezwa hapo juu bado vinaongeza uwezekano wa kufanikiwa. Ukosefu wa dawa usiwe sababu ya kuahirisha.

Wiki nne za mwanzo

Dalili za mwili kudai nikotini, hali ambayo mitaani huitwa arosto, huanza ndani ya saa 24 za kwanza, hufikia kilele siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki tatu hadi nne. Dalili hizo ni hasira za haraka, wasiwasi, kukosa usingizi, kushindwa kutuliza akili, njaa ya mara kwa mara na kukosa choo. Hazipendezi, lakini kwa kawaida si za hatari, na zina mwisho.

Hamu kali huja kama wimbi na kwa kawaida hudumu dakika chache tu. Wataalamu hushauri mambo manne ya kufanya inapokuja: kusubiri kwanza, kuvuta pumzi ndefu na kuitoa polepole mara kadhaa, kunywa maji, na kufanya jambo jingine linaloshughulisha mikono au miguu. Lengo la mvutaji kwa wakati huo liwe kuivuka hamu iliyopo. Asijitwishe mawazo ya maisha yake yote yaliyobaki.

Kahawa inahitaji uangalifu wa pekee. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka. Mtu anapoacha kuvuta, vikombe vilevile alivyozoea humwachia kafeini nyingi zaidi katika damu, naye hupata mtetemeko, mapigo ya moyo ya haraka na usiku wa macho makavu, akidhani ni arosto. Inashauriwa kupunguza kahawa na chai ya rangi hadi takriban nusu katika wiki za mwanzo, na kukaa mbali na kijiwe cha wavutaji kwa muda huo.

Jambo hilohilo hutokea kwa baadhi ya dawa. Anayetumia aminofilini au theofilini kwa ajili ya pumu, au klozapini na olanzapini kwa ajili ya ugonjwa wa akili, anaweza kuhitaji kupunguziwa dozi baada ya kuacha kuvuta. Anayetumia insulini naye apime sukari mara kwa mara zaidi. Watu hao wamweleze daktari kabla ya siku ya kuacha.

Kuhusu uzito, wanaoacha huongezeka kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Ongezeko hilo ni dogo kwa madhara likilinganishwa na kuendelea kuvuta. Matunda, karanga kwa kiasi, maji, na mwendo wa miguu wa dakika 30 kwa siku husaidia. Kufunga chakula kwa ukali katika mwezi uleule wa kuacha sigara hakushauriwi kwa sababu huongeza mzigo.

Miezi inayofuata: hatari ya "moja tu"

Baada ya mwezi wa kwanza mwili huwa umetulia, na hapo ndipo hatari ya pili huanza. Mvutaji wa zamani hujiona ameshinda, hivyo hujiambia kwamba sigara moja haiwezi kumrudisha. Kwa aliyevuta miaka mingi, ubongo bado unaikumbuka njia ile. Sigara moja hufungua mlango wa ya pili, na kesho yake hununua pakiti. Kanuni inayowalinda wengi ni fupi: hakuna hata pumzi moja.

Nyakati za kujihadhari zaidi ni msiba, ugomvi wa nyumbani, kupoteza kazi, sherehe, na unywaji wa pombe. Ni vyema mtu awe ameandaa jibu la kumpa rafiki anayemnyoshea sigara. Jibu "Mimi sivuti" lina nguvu kuliko "Najaribu kuacha", kwa sababu la pili hukaribisha kushawishiwa.

Ikitokea amevuta moja, asihitimishe kwamba ameshindwa. Kuteleza si kuanguka. Aitupe pakiti iliyobaki, aandike kilichomtelezesha, aendelee na dawa zake na amjulishe anayemsaidia siku hiyohiyo. Linalomrudisha mtu moja kwa moja ni kuficha na kujiambia kwamba juhudi zote zimekwisha kuharibika.

Wajibu wa familia, kazi na sheria

Familia isimkaripie anayeacha kwa hasira za wiki ya kwanza, wala isimkejeli kwa majaribio yaliyopita. Anayeendelea kuvuta katika nyumba hiyo avutie nje, mbali na milango na madirisha, na asiache pakiti mezani. Watoto wasitumwe dukani kununua sigara. Licha ya kuwazoesha bidhaa hiyo, sheria inakataza kumuuzia mtu mwenye umri chini ya miaka 18.

Tanzania iliridhia Mkataba wa WHO wa Udhibiti wa Tumbaku mwaka 2007. Ibara ya 14 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama kuchukua hatua za kuhamasisha watu kuacha tumbaku na kuwapatia tiba ya uraibu. Nchini, bidhaa hizi zinasimamiwa na Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, na tangu mwaka 2021 jukumu la udhibiti wake limekabidhiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Masharti kuhusu uvutaji katika maeneo ya umma humlinda asiyevuta, na pia humsaidia anayejitahidi kuacha, kwa kuwa kila ofisi, mgahawa na basi lisilo na moshi ni mahali pamoja pungufu pa kushawishika. Waajiri wanaweza kusaidia kwa kusimamia masharti hayo na kuwaruhusu wafanyakazi kuhudhuria ushauri kituoni.

Wakati wa kumwona daktari

Baadhi ya walioacha hukohoa zaidi katika wiki za mwanzo, mapafu yanapoanza kujisafisha. Hata hivyo, anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayetoa makohozi yenye damu, anayepungua uzito bila sababu au anayetokwa na jasho jingi usiku anapaswa kwenda kituo cha afya kupimwa kifua kikuu na matatizo mengine ya mapafu. Maumivu ya kifua, ganzi ya ghafla ya upande mmoja wa mwili, au kushindwa kuongea vizuri ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Huzuni kubwa isiyoisha au mawazo ya kujidhuru baada ya kuacha nayo yanahitaji msaada wa haraka wa mtaalamu.

Kwa mwananchi ambaye bado anavuta, hatua ya leo ni ndogo: kuchagua tarehe ndani ya wiki mbili zijazo, kuiandika, na kumweleza mtu mmoja anayemwamini. Hatua ya kesho ni kwenda na tarehe hiyo katika kituo cha afya kilicho karibu na kuomba ushauri kabla siku yenyewe haijafika.